Mmeihesabu vipi hiyo miaka?

Ukisimama na kundi la wanafunzi mbele ya fuvu la kale la Zinjanthropus, tunalosema lina miaka zaidi ya milioni 1.8, maswali mawili hayakosi. La kwanza: "Kwa hiyo huyu ndiye babu yetu?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, na anayeuliza huwa ameshajiandaa kubisha: "Hiyo miaka mmeihesabu vipi?"

La kwanza ni jepesi. Hapana, si babu yetu. Fuvu hilo, alilolipata mtafiti Mary Leakey huko Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, ni la zamadamu (kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu) wa tawi la pembeni, mwenye magego mapana ajabu, na tawi lake lilitoweka. Habari za "fuvu la binadamu wa kwanza" tumezizoea tu, tena nadhani sisi wataalamu tulichelewa kuzisahihisha. Vivyo hivyo kwa sokwe: sayansi haisemi kwamba sokwe alizaa mtu. Inasema sisi na sokwe ni watu wa ukoo mmoja, wahenga wetu wakiwa wamoja, kisha kila upande ukashika njia yake.

Swali la pili ndilo lenye uzito, kwa kuwa ubishi wa uumbaji na evolusheni, yaani kubadilika kwa viumbe kizazi hadi kizazi, ukiuchambua, sehemu yake kubwa ni ubishi juu ya muda. Kwamba viumbe hubadilika, hata wapinzani wengi wa evolusheni wanakubali. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikahamia dawa nyingine iitwayo SP, na kufikia 2006 ikaingia kwenye dawa mseto. Sababu ni usugu: vimelea vichache vya malaria vilivyotokea kuwa na uwezo wa kuistahimili dawa vilipona, vikazaana, vikajaa. Anayepinga atakujibu: sawa, lakini kimelea kimebaki kimelea, mabadiliko makubwa yangehitaji muda mrefu mno. Ni kweli kabisa. Je, muda huo ulikuwepo?

Wanaoipa dunia miaka 6,000 hawaisomi katika aya yoyote ya Biblia. Ni hesabu ya vizazi, na iliyo mashuhuri zaidi ni ya James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 aliuweka uumbaji katika mwaka 4004 kabla ya Kristo. Wakristo wengi hawaifuati. Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 aliitambua evolusheni kuwa zaidi ya dhana tu. Qur'ani nayo haitaji umri wa dunia.

Turudi Olduvai. Wapo wanaotukumbusha kwamba kipimo cha kaboni, kinachotumika kukadiria umri wa mabaki ya viumbe, hakifiki mbali. Wako sahihi: kikizidi miaka 50,000 hivi hakisaidii kitu, ndiyo maana hapa hatukitumii. Volkano za nyanda za Ngorongoro zilimwaga majivu pale mara kwa mara, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya majivu hayo mna chembe za madini yenye potasiamu. Aina moja ya potasiamu huoza polepole, na sehemu yake hugeuka gesi iitwayo agoni. Kasi yake haijali joto wala mvua: nusu huisha kwa miaka bilioni 1.25 hivi. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Ukishaganda, gesi mpya hunaswa ndani. Ni kama ndoo tupu iliyowekwa chini ya bomba linalovuja: ukijua kasi ya matone na ukapima maji, unajua iliwekwa lini. Fuvu lenyewe halipimwi. Hupimwa majivu yaliyolizunguka.

Louis Leakey, mume wa Mary, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kabete, Kenya, alikuwa amelikadiria fuvu hilo kuwa na miaka 600,000 hivi. Vipimo vya mwaka 1961 vikatoa milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio yake. Mbinu zilizoboreshwa baadaye zimeisogeza namba hiyo kidogo tu, hadi milioni 1.8 na ushei.

Mwanafunzi mbishi haishii hapo. Huuliza: "Na hiyo potasiamu, nani aliiweka?" Hapo fuvu halina la kusema, na mimi humrudisha kwa sheikh au padri wake.