Kabla ya kuuliza nani alianzisha

Kila heshtegi inapovuma, swali linalonifikia ni lilelile: nani alianzisha? Mwandishi wa habari anataka jina, mwanasiasa anataka jina, na watu wa matangazo wanataka jina ili wamlipe mwenye nalo. Kazi yangu ni kuunda modeli za hesabu zinazoiga namna misimamo ya watu inavyojengeka na kusambaa mitandaoni, na modeli hizo hazina jina la kumpa yeyote. Kinachoamua mambo ndani yake ni nani anamwona nani.

Wanafunzi huwa nawaanzishia modeli ya Morris DeGroot ya mwaka 1974. Kila mtu ana maoni yanayoandikwa kwa namba, tuseme kati ya 0 na 1, na kila raundi anachukua wastani wa maoni ya wale anaowaamini, kila mmoja kwa uzito wake. Iendeshe kwenye kompyuta na, mradi watu wote wameunganika kwa njia moja au nyingine, karibu siku zote wataishia kukubaliana. Aliyewahi kuwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wakati wa uchaguzi anajua kuna kitu hapo hakijakaa sawa. Mwaka 2000 Guillaume Deffuant na wenzake walitia sharti moja: watu wawili hawasikilizani kabisa maoni yao yakipishana kupita kiasi fulani. Kiasi hicho kikiwa 0.5, watu wote hukusanyika pamoja. Kikishuka hadi 0.2, hubaki kambi kubwa mbili zisizosemezana tena. Hapo hujaweka mchochezi wala akaunti bandia hata moja.

Ila kuwa na maoni ni jambo moja, kuyatamka hadharani ni jingine, na hili la pili ndilo hasa ninalolishughulikia. Mark Granovetter aliliandikia mwaka 1978 kwa mfano ambao sijaona wa kuushinda. Chukua watu 100, kila mmoja na kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wamejitokeza kabla yeye hajajitokeza. Wa kwanza ana 0: atajitokeza hata akiwa peke yake. Wa pili ana 1: anangoja kumwona mmoja. Wa tatu ana 2, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho mwenye 99. Wa kwanza akiingia barabarani, mia nzima itaingia. Sasa nenda mji wa pili wenye watu walewale, ila badilisha mtu mmoja tu, yule mwenye 1 umpe 2. Wa kwanza ataingia barabarani, na hakuna atakayemfuata. Magazeti yangeandika kwamba umma umefura kwa hasira katika mji wa kwanza, na kwamba mhuni mmoja amekamatwa katika mji wa pili. Wastani wa vizingiti ni 49.5 kule na 49.51 huku. Hakuna kura ya maoni itakayoiona tofauti hiyo.

Hebu niyasome maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya kwa miwani hiyo. Hasira juu ya kodi haikuzaliwa mwezi ule. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa tayari imepandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta tozo ya nyumba. Kwa maoni yangu, kilichogeuka mwaka uliofuata ni kuonekana. Vijana waliuchambua Muswada wa Fedha kipengele kwa kipengele kwenye TikTok, wakakesha kwenye Spaces za X, yaani mijadala ya sauti ya moja kwa moja, wakasambaziana namba za simu za wabunge. Mtu aliyekuwa akinung'unika chumbani kwake aliona maelfu wakinung'unika saa ileile. Maandamano yalianza Nairobi Juni 18, na siku mbili baadaye yalikuwa yamefika miji mingi. Juni 25 wabunge walipitisha muswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Waandamanaji wenyewe walisema hawana kiongozi, wala chama, wala kabila. Wengi walilichukulia hilo kama kaulimbiu tu. Mimi nililichukua kama maelezo ya kitaalamu.

Hapo pia ndipo modeli ya Granovetter inapoonyesha ufinyu wake. Ndani yake kizingiti hakibadiliki. Juni ile watu waliuawa kwa risasi, na risasi hiyohiyo humrudisha mmoja nyumbani na kumtoa nyumbani mwingine ambaye hakuwa na nia ya kwenda popote. Sijui namna ya kuandika hilo kwa mlinganyo mmoja bila kudanganya.

Kuonekana nako kuna hila. Chora mtandao wa watu 10: wawili ni watu maarufu, na wanane waliobaki hawamfuati mwingine yeyote isipokuwa hao wawili. Maarufu wote wawili wakiwa na msimamo fulani, msimamo huo una asilimia 20 tu ya watu, lakini kila mmoja kati ya wale wanane akifungua simu anaona asilimia 100. Kristina Lerman na wenzake walionyesha mwaka 2016 jinsi udanganyifu huu wa wingi unavyoweza kutokea kwenye mitandao halisi, bila mtu kusema uongo. Lisemwalo lipo, sawa, lakini linasemwa na wangapi?

Basi hao maarufu ndio waanzilishi? Inategemea kinachosambazwa. Habari humtosha mtu kuisikia mara moja. Kubadili mwenendo, hasa wenye gharama au aibu, huhitaji kusikia kutoka kwa watu kadhaa. Damon Centola alilipima hilo mwaka 2010 kwa kuwaweka watu 1,528 kwenye mitandao ya masuala ya afya aliyoiunda mwenyewe. Katika mitandao ambayo marafiki wa mtu wanajuana, asilimia 54 hivi walijiunga na jukwaa lililokuwa likitangazwa; katika ile iliyounganishwa kiholela, asilimia 38. Vijikundi vilivyoshikamana vilikuwa na kasi zaidi ya mara nne, ingawa kwa macho ndivyo vinavyoonekana vimejifungia.

Ndiyo maana hatua za WhatsApp huwa nazitazama kwa macho mawili tofauti. Januari 2019 kampuni iliweka kikomo cha kufowadi ujumbe kwa watu au magrupu matano duniani kote. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa mara moja, na kampuni ikasema kusambaa kwa ujumbe wa aina hiyo kulishuka kwa asilimia 70. Kwa uvumi wa kusikia mara moja, hiyo ni breki kweli. Kwa msimamo unaojengwa na shangazi, kisha binamu, kisha mwenyekiti wa kikoba, kila mmoja akiuandika kwa maneno yake ndani ya grupu lilelile, kikomo hicho hakigusi kitu, kwa sababu hapo hakuna aliyefowadi chochote.