Shule za Serikali Jijini Arusha Haziendeshwi na Wizara ya Elimu

Madawati yakipungua Ngarenaro au Sombetini, mzazi husema, "Wizara ya Elimu imetusahau." Lawama hiyo imekosa anwani, na mtoto ndiye anayeendelea kukaa sakafuni.

Wizara inatunga sera na kusimamia uthibiti ubora, na kupitia taasisi zake inasimamia mitaala na mitihani. Kuendesha shule za msingi na sekondari ni kazi ya halmashauri, chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hapa Arusha ni Halmashauri ya Jiji: Mkurugenzi, na chini yake Afisa Elimu Msingi na Afisa Elimu Sekondari. Bajeti hupitishwa na baraza la madiwani, kwa hiyo diwani wako ana kura juu ya darasa hilo. Nidhamu ya walimu iko Tume ya Utumishi wa Walimu.

Lakini kabla ya kupanda ngazi zote hizo kuna kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, ambamo wazazi wana wawakilishi. Inaniuma sana kuona vikao vya wazazi vikikosa watu. Anza na mwalimu mkuu na kamati, kisha Afisa Elimu Kata, halafu diwani.