Paja lililopigwa halichuliwi
Mchezaji akipigwa goti pajani, wengi hukimbilia maji ya moto na kuchua kwa nguvu "ili damu iliyovilia itawanyike". Kwa msuli ulioumia sana, hilo ni kosa. Kuchua mapema huchana upya nyama iliyokatika na kuongeza damu ndani. Seli zinazokuja kukarabati zinaweza kugeuka wajenzi wa mfupa, na mfupa ukaota katikati ya msuli. Kiwiko kilichoteguka kikivutwavutwa hupatwa na hayo hayo.

Saa 24 za kwanza goti likunjwe hadi nyuzi 120 hivi kutoka hali ya kunyooka, kadiri maumivu yanavyoruhusu, lifungwe bandeji, na barafu iliyoviringishwa kitambaani iwekwe dakika 15 hadi 20 kwa vipindi. Baadaye mgonjwa alikunje mwenyewe, asilazimishwe na mtu.

Wiki mbili tatu zikipita, uvimbe ukawa mgumu na goti likazidi kukataa kukunjika, apigwe eksirei. (Picha ya siku za mwanzo huwa safi, isimtulize mtu.) Kukimbilia upasuaji nako hakufai: mfupa usiokomaa ukikatwa huweza kuota tena. Husubiriwa miezi 6 hadi 12, na mara nyingi hupungua wenyewe.