Kuzinduka ni kituo cha kwanza

Wanaonifuata Shela, kisiwani Lamu, kutaka kufundishwa kutafakari, wageni kwa wenyeji, huja na swali moja: itachukua muda gani mpaka nizinduke? Wengi wamekwisha kusoma mitandaoni kwamba ukikaa kimya vya kutosha, siku moja pazia litafunuka, nafsi itayeyuka, na utainuka mkekani ukiwa mtu mwingine. Huwajibu kwamba swali limepinduliwa. Kuzinduka hakuko mwisho wa njia. Kuko mlangoni.

Si fikra yangu mimi. Abdallah al-Ansari, sheikh wa kisufi wa Herat aliyefariki mwaka 1089, aliipanga njia ya roho katika vituo 100, mafungu kumi yenye vituo kumi kumi. Kituo cha kwanza kabisa ni kuzinduka: mtu ashtuke kutoka kwenye usingizi wa kughafilika, aone kwamba umri unakwenda na yeye yupo yupo tu. Cha pili ni toba. Cha tatu ni kujihesabu. Kutafakari kumewekwa cha tano. Kwa hiyo kwa Ansari si kwamba unatafakari ili uzinduke; umezinduka, angalau kidogo, ndiyo maana unatafakari. Yule aliyepanda ndege na boti mpaka Lamu kwa sababu maisha yake yamemkifu, kituo cha kwanza ameshakifika na hajui. Anakitafuta mbele huku amekiacha nyuma.

Nilidhani ni utaratibu wa masufi peke yao, Waislamu wanaoshika njia ya roho, mpaka niliposoma mapokeo mengine. Mabudha wa madhehebu ya Theravada wana daraja nne za kuamka, na ya kwanza wanaiita kuingia mkondoni. Aliyeingia mkondoni hatarudi nyuma, lakini bado ana tamaa na bado ana hasira. Kazi kubwa iko mbele yake. Kwa Wazeni wa Japani, ambao nao ni Mabudha, mwanafunzi akishapata ule mweko wa kwanza wa kuona, mwalimu hamfanyii sherehe. Anamrudisha kukaa.

Basi kwa nini tukae, ikiwa tumeshazinduka? Kwa sababu kuzinduka hakudumu. Kughafilika hurudi kwa nukta chache tu, na hakuna mahali pazuri pa kuona jinsi kunavyorudi kama pale ulipokaa huna la kufanya.

Ninavyofundisha ni hivi. Kaa juu ya mkeka au kiti, mgongo wima bila kukakamaa. Fumba macho, au yatue sakafuni mbele yako. Fuata pumzi pale unapoihisi wazi zaidi, iwe puani, kifuani au tumboni. Usiivute wala usiibane, iache iende. Baada ya pumzi tatu nne utakuwa umeshaondoka: uko kwenye deni la dukani, kwenye maneno ya wifi, kwenye samaki uliyemwacha bila kumtia chumvi. Kisha, bila wewe kupanga, unashtuka: kumbe nimeondoka.

Kushtuka huko ndiko ninakokutaka, na hapo ndipo nawaomba wanafunzi wangu wasikimbie. Angalia: nani amekushtua? Si wewe. Aliyeghafilika hajui kwamba ameghafilika, kwa hiyo hawezi kuamua kuacha. Dakika nzima ulikuwa unagombana na wifi kichwani na ulikuwa na yakini kwamba ugomvi ni wa kweli, mara ukaletwa, ukajikuta umeketi Shela na upepo unapita dirishani. Mkono wako haumo. Masufi husema kwamba kuzinduka ni kipawa, na mtu husikia maneno hayo akadhani ni unyenyekevu wa kidini tu. Kaa robo saa uone kama si maelezo sahihi kabisa ya jambo lenyewe.

Kilicho mkononi mwako ni hatua inayofuata. Wengi hapo huharibu. Wanajitukana: akili yangu mbovu, mimi siwezi, wenzangu wametulia. Kujilaumu huko nako ni safari nyingine ya mawazo, tena yenye utamu wake. Rudi kwenye pumzi tu, bila hotuba. Mshika usukani wa jahazi hakinyooshi chombo mara moja akalala. Hurekebisha toka Lamu mpaka Kizingitini, na hakuna anayemwambia ameshindwa kwa kuwa amerekebisha tena. Kwa hiyo mtu akiniambia kwa majonzi, “Maalim, leo nimeondoka mara hamsini,” mimi husikia kwamba ameamshwa mara hamsini. Anayenitia wasiwasi ni yule anayesema hakuondoka hata mara moja.

Watafiti nao wameuona usingizi huu kwa njia yao. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, wakati wowote wa siku: unafanya nini, unawaza nini, una furaha kiasi gani? Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili haikuwa kwenye jambo walilokuwa wakilifanya. Na hata walipokuwa wakiwaza mambo mazuri, hawakuwa na furaha zaidi kuliko walipokuwapo kwenye shughuli yao. Marcus Raichle na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 2001 kwamba ubongo ulioachwa bila kazi haupumzi. Sehemu fulani zake hushughulika kwa pamoja, zile zinazohusika na kujisimulia mambo ya jana, ya kesho na ya nafsi. Kundi la Judson Brewer, Yale, likaona mwaka 2011 kwamba kwa watafakari wazoefu sehemu kuu za mtandao huo hupungua kazi. Matokeo mazuri, ila mtu asiniambie kwamba kuzinduka kumepigwa picha. Kilichopigwa picha ni masimulizi kupungua.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Luciano Bernardi, Italia, wa mwaka 2001. Aliwachukua watu 23, akawasomesha tasbihi ya Kikatoliki kwa Kilatini na maneno ya dhikri ya Kibudha. Yote mawili yaliishusha pumzi mpaka karibu mara sita kwa dakika, na kwa mwendo huo mapigo ya moyo na msukumo wa damu vikashika mpangilio mmoja. Nimekulia mtaa wa Langoni, Lamu, nikisikia ratibu ya Imam al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka 1720, yaani nyiradi alizozipanga, ikisomwa msikitini usiku. Ukikaa kwenye halaka ya dhikri, duara la watu wanaomtaja Mungu kwa kurudiarudia, utaona mwenyewe jinsi pumzi za watu zinavyoshikana kwenye neno moja. Wazee waliotuwekea nyiradi hawakuwa na vipimo, walikuwa na masikio. Lakini tusizidishe: moyo kupiga taratibu si kuzinduka. Hata usingizi mzuri hushusha mapigo.

Sasa nije kwenye mianga, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Ukikaa kwa muda, mambo hutokea. Mwili huwa mwepesi, mikono hupotea, rangi huja mbele ya macho yaliyofumbwa, wengine hulia. Masufi wamelipambanua hili zamani: kuna hali, ambayo huja na kuondoka kama ipendavyo, na kuna makamu, yaani kituo, ambayo mtu huijenga kwa kazi na hukaa naye. Buddhaghosa, mwanachuoni wa Kibudha aliyeandika karne ya 5, alitaja vitu kumi vinavyomhadaa mtafakari akadhani amefika, na cha kwanza alichokitaja ni mwanga. Kijana mmoja anayefanya kazi hotelini alinijia uso umemng'aa. “Maalim, jana nimeona mwanga wa kijani!” Nikamwuliza alilala saa ngapi. Saa nane usiku. Nikamwambia akalale.

Kuna upande mzito zaidi, na walimu wa kambi za wiki moja hawausemi kwa sababu hauuziki. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton walichapisha mahojiano yao na watafakari wa Kibudha wa nchi za Magharibi, na yalijaa hofu, kukosa usingizi, kujihisi mgeni ndani ya mwili wako mwenyewe. Kwetu mtu akipatwa na hayo watasema amepagawa, pepo ameamshwa. Sina ugomvi na familia inayotaka kumsomea. Wamsomee, na siku hiyo hiyo wampeleke kwa daktari wa afya ya akili. Mimi ni mshauri nasaha kwa kazi yangu, na mtu aliyewahi kusikia sauti, au aliye katikati ya msiba mbichi, simkalishi kimya saa nzima. Namtembeza ufukoni macho wazi, tukihesabu hatua. Na anayetumia dawa za akili asiache dawa kwa sababu ametulia. Huenda ametulia kwa sababu ya dawa.

Wenyeji wana swali jingine, na wana haki ya kuliuliza: hii si ibada ya watu wengine? Mama mmoja wa mtaa wa Mkomani aliniuliza huku amesimama mlangoni, hataki hata kuingia. Nilimjibu kwamba pumzi haina dini, na majina ya miungu ya wengine sifundishi. Uradi wenye hesabu maalumu pia sitoi, huo uchukue kwa sheikh wako, ndivyo ada ya tarika, njia za kisufi, ilivyo. Tena Mwislamu hana haja ya kuazima kila kitu: ana khushui, utulivu wa moyo, ndani ya sala; ana itikafu, kukaa msikitini kwa ibada, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ninachosikitikia ni mtu mwenye tasbihi mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto, ulimi unakwenda na macho yanakwenda. Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, hakuidharau dhikri ya ulimi mtupu, lakini aliiweka daraja la chini kabisa.

Ghazali mwenyewe ni ushahidi wangu mkubwa. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya, Baghdad, ana mamia ya wanafunzi, ameshayasoma maandishi ya masufi yote aliyoyapata. Akagundua kwamba kujua maana ya afya si kuwa mzima. Ulimi ukamshika asiweze kufundisha, chakula hakipiti, matabibu wakakiri kwamba ugonjwa umo moyoni. Huko ndiko kuzinduka kwake, na hakukuwa na mwanga wowote: kulikuwa na mtu mzima anayetetemeka kwa kuiona nia yake halisi, kwamba alikuwa akifundisha ili atajwe. Baada ya hapo ndipo ilipokuja Damasko, upweke, na kujifungia mnarani. Na mwaka 1106 alirudi darasani, Nishapur. Watu husimulia upweke wake, wakasahau kwamba alirudi kushika darasa.

Huku kwetu njia hiyo ya kurudi kwa watu inajulikana zaidi kuliko ya mnara. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija na kuanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, Lamu, hakumbukwi kwa alichokiona alipofumba macho; anakumbukwa kwa darsa, na kwa kuwakalisha darsani watu ambao wengine hawakuwapa nafasi. Na muda mrefu kabla yake Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikuwa ameuweka moyo wake mbele, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, akiuuliza kwa nini hauzinduki. Hakuuambia ufuate pumzi. Aliupeleka kisiwani Pate, kwenye majumba ya matajiri yaliyobomoka, ambako madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani sasa yanalaza makinda ya ndege.

Kwa mtu wa visiwa hivi mimi naona hiyo ndiyo tafakuri inayouma kuliko zote, na siku hizi naitumia kuliko mkeka. Wanaonisoma kutoka bara wataona ni jambo la huzuni. Si la huzuni. Ukikaa saa moja ndani ya kuta za Takwa, kisiwani Manda, kwenye mji ulioachwa karne ya 17, huwezi tena kubishana na wifi kichwani kwa nguvu zilezile. Anayeanza namwambia akae dakika kumi na tano baada ya Alfajiri, kabla ya kugusa simu, na usiku kabla ya kulala ajihesabu: leo nilimkatiza nani, nilimjibu nani bila kumsikia. Akishazoea hayo, ndipo namchukua Takwa.

Kwa watakaokuja safari ijayo: mkono wa bahari unaoingia Takwa una mikoko pande zote, na maji yakitoka boti haifiki. Kwa hiyo tunafuata maji, hatufuati saa, na nahodha hangoji mtu. Chukueni maji ya kunywa na kitu cha kujifunika kichwa. Ndani ya magofu simu zizimwe. Picha mtapiga tukitoka.