Bushi za mpira katika BMW E46: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

BMW 3 Series ya kizazi cha E46, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, sasa ni gari la zamani, na nyingi zilizobaki katika barabara zetu zimeshapita kwa wamiliki watatu au wanne. Injini zake za silinda sita bado zina pumzi, lakini mpira hauna maisha ya chuma. Hukauka na kupasuka kwa umri, hata kama gari limekaa zaidi kuliko lilivyotembea, na kwenye mashimo na matuta ya Dar es Salaam hupasuka mapema zaidi. Nimebadilisha bushi za mbele na za nyuma za gari langu uani nyumbani, na kila nilipolala chini ya gari wapita njia walisimama kunishauri. Ushauri mwingi ulikuwa mzuri. Mwingine ni wa aina inayoua bushi mpya ndani ya miezi michache, na huo ndio ninaotaka kuuzungumzia hapa.

Kwanza ni lazima kujua bushi ni kitu gani. Bushi ya kawaida ya kiwandani ina bomba dogo la chuma kwa ndani, bomba kubwa kwa nje, na katikati yake mpira ulioshikamanishwa na vyuma vyote viwili kwa joto. Hakuna kinachoteleza ndani yake. Mkono wa gurudumu, yaani chuma kinacholishikilia gurudumu na kufungwa kwenye gari kupitia bushi, unapopanda na kushuka, mpira hujisokota kidogo kisha hurudi ulipokuwa. Mtu anayeichukulia bushi kama beringi, yaani kitu cha kuzunguka bila mwisho, atakosea karibu kila hatua ya kazi hii.

“Gari linagonga chini, basi shokapu zimekufa.”

Shokapu hulaumiwa kwa kila sauti itokayo chini ya gari kwa sababu ndicho kifaa ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina. Katika E46, bushi ya mbele iliyochoka mara nyingi hujitambulisha bila kugonga: usukani hutetemeka unapokanyaga breki ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, na gari huvutwa na mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami hadi mikono inachoka kulirudisha. Mwenye gari hupeleka diski za breki kuchongwa, kisha hubalansi matairi, kisha hununua shokapu, na mtetemo unabaki palepale. Bushi za mikono ya nyuma zikichoka, mkia wa gari huyumba unapoachia mafuta kwenye kona, na matairi ya nyuma huliwa upande wa ndani.

Uhakika hupatikana kwa macho na mtaimbo. Gari likiwa juu ya stendi, pitisha mtaimbo mfupi kati ya mkono na kibebeo cha bushi (kishikio kinachoifunga bushi kwenye gari), uusukume kwa nguvu ya kiasi. Mpira mzima hukubali kidogo na kurudi, ilhali uliochanika hufunguka kama mdomo. Nilipomulika bushi yangu ya mbele kushoto, ufa ulikuwa umezunguka zaidi ya nusu ya duara, kucha ya kidole gumba iliingia yote, na vumbi jekundu lilikuwa limefika kwenye chuma cha ndani. Mipasuko midogo ya juu juu, kama ya ngozi kavu, haitoshi peke yake kuihukumu bushi.

“Kazi hii haifanyiki nyumbani bila lifti.”

Inafanyika, lakini si kwa jeki peke yake. Jeki huinua, stendi ndizo zinazobeba, na tofali la saruji halipaswi kabisa kuwekwa chini ya gari ambalo mtu analala chini yake, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Hapo sina maneno laini: asiyekuwa na stendi imara na sakafu ngumu aipeleke kazi gereji. Aliye navyo, pamoja na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na siku nzima isiyo na haraka, ana uwezo wa kuimaliza.

“Weka grisi nyingi ili bushi iingie na isilie.”

Grisi ya kawaida hutokana na mafuta ghafi ya ardhini, na mafuta ya aina hiyo huvimbisha mpira asilia na kuulainisha mpaka unapoteza nguvu. Zaidi ya hapo, bushi ya mbele ya E46 hushika ncha ya mkono yenye pembe sita, na inatakiwa ing’ang’anie pale. Ukiacha utelezi wa kudumu, bushi itatembea juu ya ncha hiyo badala ya kujisokota. Maji yenye sabuni ya vyombo yanatosha, kwa kuwa hukauka yenyewe na kuuacha mpira umeshika. Kukauka huko ndiko kunakoleta masharti ya muda: baada ya kusukuma bushi kwenye mkono, gari linapaswa kushushwa likae kwa magurudumu yake ndani ya takriban nusu saa, ili mpira ugande likiwa katika kimo chake cha kawaida. Kwa hiyo usiingize bushi halafu ukaenda kula. Andaa boliti zote, safisha nyuzi zake, weka gurudumu karibu, ndipo upake sabuni.

“Kaza kila boliti kabla ya kulishusha gari.”

Hili ndilo kosa linaloharibu bushi nyingi kuliko mengine yote, na hufanywa hata na mafundi wenye mikono mizuri, kwa sababu ni rahisi kukaza wakati gari liko juu na nafasi ipo. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu huning’inia na mikono huelekea chini. Ukiikaza boliti inayopita katikati ya bushi katika hali hiyo, unalibana lile bomba la ndani kwenye pembe isiyo yake. Gari linaposhuka mkono hupanda, lakini bomba la ndani haliwezi kuzunguka, hivyo mpira unaanza maisha yake ukiwa umesokotwa, gari limesimama tu. Tuta la kwanza linausokota zaidi. Baada ya miezi kadhaa mpira hujing’oa kwenye chuma, na lawama zote humwendea muuza vipuri kwamba aliuza bushi bandia.

Kanuni kwa magari mengi, iwe Altezza, Mark II au Subaru, ni kuziweka boliti za bushi kwa mkono tu, kulishusha gari likae kwa uzito wake, au kuinua gurudumu kwa jeki ya pili mpaka kimo cha kawaida kirudi, ndipo kukaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lenyewe. Bushi za mikono ya nyuma ya E46 zina ugumu wao wa pekee. Boliti yake hupita katika kibebeo kinachofungwa kwenye bodi kwa boliti tatu, na kibebeo kikishapanda mahali pake hakuna tena njia ya kuifikia. Kwa hiyo pembe kati ya kibebeo na mkono hupangwa kwanza, boliti ya katikati hukazwa, ndipo kibebeo kifungwe kwenye bodi. Kiwanda kina kifaa maalumu cha kupangia pembe hiyo. Mimi niliipima kabla ya kufungua chochote, kisha nikachora mstari kwa msumari kutoka kwenye kibebeo hadi kwenye mkono, na mstari huo ndio ulioniongoza nilipokuwa nafunga. Aliyefungua bila kupima wala kuweka alama atafute kipimo hicho kwenye kitabu cha ufundi, kwa maana kukisia hapa ni sawa na kukaza gari likiwa linaning’inia.

“Bushi kuukuu hutolewa kwa moto na nyundo.”

Moto huunguza mpira haraka, ni kweli, lakini moshi wake ni sumu, na kibebeo cha bushi ya mbele ni cha alumini, madini ambayo hupoteza ugumu yakipata joto kali. Nyundo nayo hupanua tundu au kuipeleka bushi mpya upande. Nguvu iliyonyooka hupatikana kwa fimbo ndefu yenye nyuzi, nati mbili, washa nene, na vipande viwili vya bomba: kimoja kinachoweza kuipokea bushi inapotoka, na kingine kinacholingana na ukingo wake wa nje. Unakaza nati taratibu na bushi inatembea milimita kwa milimita. Kabla ya kuitoa, weka alama kuonyesha matundu yaliyo ndani ya mpira yanatazama wapi, kwani hayakuachwa pale kwa kupunguza gharama. Ndiyo yanayoamua bushi iwe laini upande gani na ngumu upande gani, na bushi iliyogeuzwa hulifanya gari liwe na tabia ngeni hata kama kila kipande ni kipya.

Kuhusu poliurethane, plastiki ngumu inayowekwa badala ya mpira, wengi huamini kwamba ngumu ni bora kila mahali. Poliurethane yenyewe huteleza juu ya bomba lake, kwa hiyo inahitaji grisi ya silikoni, na hustahimili sana mahali ambapo kifaa huzunguka katika mhimili mmoja. Mkono wa nyuma wa E46 hauzunguki hivyo. Unapopanda pia hupinda kidogo kando, na bushi ngumu pale huubana. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, mimi huchagua mpira bila kusita. Bushi za kuchonga kutokana na tairi kuukuu sizishauri kamwe, kwa kuwa mpira wake haujashikamana na chuma chochote.

Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja. Wala usikubali kuambiwa kwamba ni lazima ununue mkono mzima wa mbele kwa ajili ya bushi, kwa sababu bushi yake inapatikana peke yake. Mkono mzima hununuliwa pale boljointi zake (viungo vyake vya kuzunguka) zinapokuwa zimelegea. Na ukiwa chini nyuma, futa matope utazame sakafu ya bodi pale fremu ya nyuma inaposhikiliwa, kwa maana E46 inajulikana kwa nyufa za sehemu hiyo.

“Bushi haihusiani na alaimenti.”

Katika gari hili alaimenti ya nyuma, yaani mwelekeo wa magurudumu kutazama ndani au nje, hurekebishwa kwa kukisogeza kile kibebeo cha boliti tatu, maana matundu yake ni marefu. Ndiyo sababu mimi huchora ukingo wake kwenye bodi kabla ya kukifungua. Alama hiyo inatosha kukufikisha kwenye mashine bila kula matairi, lakini haichukui nafasi ya vipimo. Endesha siku chache mpira utulie, kisha uombe karatasi ya vipimo yenyewe. Ukiona gurudumu moja la nyuma linatazama ndani zaidi ya mwenzake, huenda kibebeo chake kimefungwa nje ya alama, na mpimaji anaweza kulegeza boliti hizo tatu na kukisogeza milimita moja au mbili gari likiwa bado juu ya mashine.