Je, wajua kwa nini sura ya tovuti humchagulia msanidi programu databesi, yaani mfumo wa kuhifadhi data?

Chukua mfumo wa kupokea parachichi Rungwe: karani anapima kreti, anaingiza kilo na jina la mkulima, na mtandao ukikatika kazi isisimame. Msanidi aliyeko Mbeya mjini anafungua tovuti mbili za databesi. Moja ina michoro inayotembea na kitufe kikubwa cha kuanzia. Nyingine, ya SQLite, ni maandishi na viungo tu. Ni rahisi sana kuanza na ile ya kwanza.

Si ushamba. Mwaka 2006 Gitte Lindgaard na wenzake nchini Kanada walionyesha kuwa mtu huamua kama ukurasa unapendeza ndani ya milisekunde 50. Nani atasoma maelfu ya mistari ya msimbo kabla ya kuchagua? Basi sura inakuwa ushahidi wa yasiyoonekana, na mara nyingine ushahidi huo ni wa kweli: anayetunza maelezo huenda anatunza na msimbo. Ila mbunifu wa tovuti hulipwa, na fedha hiyo mara nyingi hutoka kwenye huduma ya kulipia kila mwezi. Uwezo wa kufanya kazi bila mtandao unaweza kuwa ndani ya huduma hiyo hiyo ya kulipia.

Kinachomshika msanidi hasa ni sentensi moja inayosema zana inafanya nini, amri ya kuisakinisha, na mfano mfupi unaokubali kuendeshwa. Akidaiwa kujisajili kwanza, anaondoka. Video nzito nayo inamla bando bure.

SQLite, iliyoanza mwaka 2000, huweka data zote kwenye faili moja bila seva, na imo ndani ya kila simu ya Android. Tovuti yake inaeleza hata mahali isipofaa, jambo ambalo kurasa za matangazo hulikwepa.

Kabla ya kuamua, nakili mfano wa tovuti kwenye folda tupu bila kuubadilisha. Ukigoma, huenda maelezo ni ya toleo la zamani. Zima mtandao, ingiza rekodi 1,000, ua programu katikati, kisha hesabu zilizobaki. Angalia pia tarehe ya toleo la mwisho. Kwa SQLite, zifunge rekodi ndani ya BEGIN na COMMIT, amri za kuanza na kukamilisha kundi la rekodi, la sivyo kila moja itasubiri diski. Na ukitumia hali ya WAL, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, usinakili faili kuu peke yake wakati mfumo unafanya kazi: kilo za asubuhi zinaweza kuwa bado ziko kwenye faili hilo.