Dokezo Tuliloliacha Tulipohamia Kwenye Kompyuta

Katika masjala ya karatasi, barua inayoingia hugongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, hupewa namba ya folio (namba ya mfuatano wa karatasi jaladani), kisha hufungwa ndani ya jalada lake. Ofisa anayeishughulikia huandika dokezo humohumo, na mkuu wake hujibu chini yake kwa saini na tarehe, kiasi kwamba hata mtu asiyewajua wote wawili anaweza, miaka 20 baadaye, kufuata jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Ofisi nyingi ninazozishauri zilipohamia kwenye mifumo ya kidijitali zilihamisha barua, zikaliacha dokezo. Leo mkataba umehifadhiwa kwa jina la "Mkataba_mwisho_2_sahihi", rasimu zake zimetapakaa katika barua pepe za watu mbalimbali, na idhini yenyewe ilitolewa kwa ujumbe wa WhatsApp wenye neno moja: "Endeleeni." Kila kipande kipo, lakini hakuna awezaye kuthibitisha ni nakala ipi iliyoidhinishwa.

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu, ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa 2016, kinataka kumbukumbu iwe halisi, ya kuaminika, isiyochezewa na inayotumika. Kuchezewa ndiko rahisi kukugundua: faili hukokotolewa alama kwa SHA-256, kanuni ya kihesabu inayoigeuza faili kuwa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu, na ikibadilika hata herufi moja, alama nayo hubadilika. Alama hiyo, hata hivyo, haisemi nani aliidhinisha wala kwa nini. Hayo hubebwa na metadata, yaani taarifa zinazoieleza kumbukumbu yenyewe, ambazo hazina budi kunaswa kazi inapofanyika. Zinazojazwa wiki ya ukaguzi mimi huzitilia shaka.

Nakala rudufu nazo hazitibu tatizo hili, kwa kuwa hurudufu vurugu kwa uaminifu uleule zinaorudufu mpangilio. Kulimbikiza kila kitu bila ratiba ya uteketezaji ni kuzidisha vurugu hiyo, mbali na hatari ya kubaki na taarifa binafsi za watu zisizohitajika tena.

Maarifa ya taasisi yalikuwa yakikaa kwenye dokezo, hasa sababu za kukataa pendekezo fulani, ambazo mtumishi anapostaafu huondoka nazo. Ndiyo maana mimi hupendekeza kila fomu ya idhini iwe na sehemu ya lazima ya sababu, isiyozidi sentensi mbili, maana ukidai maelezo marefu, watu huandika nukta moja ili mfumo uwaruhusu kuendelea.